Mstari Nilioutunga Mimi

Jumatatu, 4 Novemba

Mzee ameniita ofisini kwake saa tatu asubuhi. Ni Rais tangu wiki mbili zilizopita, na bado natetemeka akiniita! Kanipa karatasi: majina ya mawaziri, niandike hotuba ya kuwatangaza. Wawili ni watu tuliopambana nao kwenye kampeni. La kwanza sikulishangaa. La pili nililisoma mara tatu — Miwani.

Miwani! Ndivyo tulivyombandika jina yule mpinzani tuliyemshinda kwa kura chache tu. Tena atasimamia Ofisi ya Rais. Yaani watumishi wote wa humu. Yaani mimi.

Mzee akasema nchi imechanika, lazima ishonwe. Nikaitikia ndiyo Mzee, ndiyo Mzee.

Jumanne, 5 Novemba

Niyaandike hapa, maana sijathubutu kumwambia mtu. Mke wa Miwani alipata kiharusi kabla ya kampeni. Sisi tulikuwa tunashindwa. Msemaji wetu akanitaka nimpe kitu kifupi, cha kuimbika. Nikakaa dakika kumi tu. "Kuuguza mke kumemshinda, nchi ataiweza?"

Siku ya pili uwanja mzima uliimba. Siku ya tatu wakamwimbia mwenyewe, mama wa watu, wakilizunguka gari lake kwenye lango la hospitali alikokwenda kufanya mazoezi ya mguu. Inasemekana hakurudi tena pale.

Nilipongezwa. Nilifurahi — ndiyo, nilifurahi.

Wanaojua ni watatu: Mzee, Msemaji na mimi. Msemaji anasema nijifanye hamnazo. Rahisi kwake!

Alhamisi, 7 Novemba

Miwani alikuja kuonana na Mzee. Niliitwa kuandika kumbukumbu. Mwembamba kuliko kwenye picha, sauti ya chini. Akasema atakubali, ila ana jambo moja.

"Nataka kumjua aliyeutunga ule wimbo wa mke wangu."

Mzee akacheka kidogo. "Ndugu yangu, ile ilikuwa siasa. Tulisema mengi, pande zote."

"Mengi nimeyasamehe. Hilo si langu kulisamehe, ni lake."

Kalamu yangu ilikuwa imesimama, nikaogopa ataiona, nikaanza kuchora mistari tu.

Mzee akasema atalipata jina kabla ya Jumatatu. Hakunitazama. Hilo ndilo lililonitisha zaidi — hakunitazama kabisa.

Ijumaa, 8 Novemba

Msemaji kanivuta kwenye chumba cha mafaili, kafunga mlango. Jina limepatikana, anasema. Nikadhani ni langu. Hapana. Ni Mama Chapa!

Mama Chapa, mpiga chapa wetu, anayestaafu mwezi ujao. Aliichapa karatasi ya ule mstari, herufi za mwanzo za jina lake ziko chini kabisa. "Anaondoka hata hivyo," Msemaji akasema. "Atagombezwa siku moja, yataisha."

Na kama hayataisha? Kama watamnyima barua yake ya kustaafu kwa heshima? Msemaji akaniuliza kama nina watoto. Anajua ninaye mmoja. Aliniuliza ili nisikie.

Nikatoka. Mama Chapa alikuwa mezani kwake, akaniuliza, "Mwanangu, mbona umesawajika hivyo? Umekula?" Nikamjibu nimekula.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimemweleza mume wangu. Alinisikiliza huku anapiga pasi mashati yake ya kazini — ni mwalimu, hapendi kukurupuka. Pasi ikabaki juu ya shati mpaka likaungua. Akasema nikinyamaza tutakula vizuri, lakini hajui tutatazamana vipi mezani. Kisha akasema na yeye anaogopa. Bora asingesema hilo.

Jumapili, 10 Novemba

Binti yetu anaruka kamba uani na wenzake. Miaka sita. Wanahesabu miruko kwa kuimba. Wanaimba mstari wangu. Nimefunga dirisha.

Jumatatu, 11 Novemba

Naandika haya nimekaa kwenye benchi la korido. Herufi zinacheza.

Mawaziri walikula kiapo saa nne. Saa sita Waziri — sasa ni Waziri — akatukusanya watumishi wote ukumbini. Akashukuru. Akasema hakuja kulipiza. Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa mfukoni, akamwita Mama Chapa kwa jina lake kamili.

Mama Chapa akasimama. Akatabasamu! Alidhani anaagwa, maskini. Akakiweka sawa kitambaa cha kichwa.

"Mama, ni wewe uliyetunga maneno waliyomwimbia mke wangu?"

Tabasamu likabaki usoni halina pa kwenda. "Mimi? Mwanangu, mimi nachapa tu ninachopewa."

"Na nani?"

Akafungua mdomo. Akanitazama. Akaufunga! Alijua. Muda wote alijua — karatasi si nilimpelekea mimi kwa mkono wangu? — na bado hakunitaja. Msemaji alinikazia macho kutoka mlangoni.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka sauti yangu tu, nyembamba kama ya mtoto: "Ni mimi, mheshimiwa. Mama Chapa hahusiki. Ni mimi peke yangu."

Watu wakajitenga nami, viti vikakwaruza sakafu. Waziri akanitazama kwa muda mrefu. Nilianza kuomba radhi, akainua mkono.

"Usiniambie mimi. Kaa hapo nje."

Akampigia mkewe simu mbele yetu sote. Maneno machache: amepatikana, ukiweza njoo, dereva anakufuata.

Imepita saa nzima sasa. Msemaji kapita mara mbili, ananitazama kama ukuta. Mama Chapa kaniletea maji, kakaa kidogo kando yangu kisha kaitwa. Nimetunga maneno ya kumwambia yule mama. Nimeyafuta. Kazi yangu ni maneno, na sina hata moja!

Mlango wa chini umefunguliwa. Lifti ni mbovu tangu Ijumaa, atalazimika kupanda kwa miguu. Nasikia fimbo kwenye ngazi. Hatua mbili, anapumzika. Hatua mbili, anapumzika. Dereva anamwambia amshike mkono. Anakataa.

Niende nimpokee? Au nikae kama nilivyoamriwa? Nimeshasimama, naelekea ngazini.

Hatua mbili