Nililia Kilio ya Tshimanga

Kapata, Kolwezi
Tarehe 22 mwezi wa munane, 1993

Mupendwa shemeki, Yaya Ngeleka,

Jambo mingi, yaya. Uko namna gani na bibi yako Mbombo? Ule mugongo wako ulipona? Siye tuko na pumuzi, njo ile tu. Batoto, Muamba na Abigaëlle, balikonda, lakini banatembea. Barua naipatia Tata Masudi, dereva wa camion anayepita kwenu Mwene-Ditu. Umupatie jibu mukononi, tafazali.

Unajua ndugu yako Tshimanga alipanda treni mwezi wa tatu, pamoja na bantu bote ba Kasaï balifukuzwa huku. Mi na batoto balituzuia kwenye gare, juu mi ni Mulunda wa Sandoa, muzaliwa wa huku. Mwenye kunikamata mukono ni ndugu yangu wa tumbo moja, Kyungu. Sijamusamehe. Toka ile siku, miezi mitano, hakuna barua, hakuna habari.

Unakumbuka kazi yake ya kampani kule mugodi wa Mashamba: asubuhi kuita majina ya bafanyakazi, mwenye hakufika anamutilia A ya absent. Hata nyumbani alikuwa ananicheka nayo. Nikichelewa kutoka soko, nakuta anasema, "Mama Muamba, leo uko na A!" Sasa kalamu iko na mwingine, na A ni ya Tshimanga kila siku. Mi pia nilikuwa namuwekea sahani ya bukari kila mangaribi, mpaka Muamba akaniomba niache.

Mwezi uliopita, biro ya nyumba za kampani iliniita. Mukubwa mumoja akanieleza: muntu akiwa absent, nyumba inarudia kampani, akiwa amekufa, mujane na batoto banabakia mwaka muzima. Akasukuma karatasi. Yaya, kwa jirani niliona nyungu zao zimetupwa njiani. Nikaandikisha kama Tshimanga alikufa.

Nilizani ni mambo ya karatasi tu. Wapi! Huku Kapata, kifo haifichami. Jua haijazama, bamama ba kanisa balifika na unga na kuni, balitandika mikeka, balianza kulia. Ningesema nini? Kusema nilidanganya ni kutoka mu nyumba. Nikafunga kitambaa kichwani, nikakaa chini. Nilianza kulia ya kujifanya, lakini haikukawia nikalia ya kweli, siku tatu, mpaka sauti ikakatika. Kyungu naye alikuwa analia kunishinda. Nilitamani kumupiga kiatu.

Eh Mungu wangu, yaya! Kwetu muntu mwenye hajakufa halililiwi, ni kumuitia kifo. Pengine alikuwa na homa tu fasi fulani, na mi nikamumaliza. Abigaëlle ananiuliza kaburi ya papa iko wapi. Namwambia akachekeche unga.

Usinihurumie, andika kweli. Kama alifia njiani, niambie siku gani na gare gani balimushusha, nimulilie siku yake. Kama yuko hai kwako, umwambie weye mwenyewe mambo nilifanya, asisikie kwa bapita njia. Na umuzuie, hata akilia, asirudie. Huku tulisha kumuzika.

Salamia Mbombo na mama mukwe. Mungu abafunike bote, bale bako na bale hatujui kama bako.

Mi mwenye kukupenda, bibi ya ndugu yako, ao mujane wake,

Stéphanie