Dawa ya Wilkin na Blenda ya Mama Yake

La, Mama, sijakonda. Aliyekuambia hivyo ana kijicho. Naomba baraka yako. Goti lako linaendeleaje huko Azua? Mimi ni mzima, na ndoa yangu ni tamu hata naona haya kuandika. Wilkin akikohoa tu barabarani, moyo wangu unaruka.

Kinachonichefua ni mama yake. Doña Eduvigis anajiona daktari kwa kuwa ana blenda. Papai, maziwa, vitamini za mchuuzi wa sokoni na ule unga wa dawa ambao Wilkin aliniambia ni wa tumbo, vyote anavisaga pamoja. Eti vitamini zinaisukuma dawa! Kila asubuhi husimama mlangoni petu mpaka mwanawe amalize glasi, kama anayenywesha ndama.

Basi mikono ya Wilkin ikaanza kuvilia damu, na fizi zikawa zinatoka damu. Bibi huyo, mbele ya majirani waliokuwa wakicheza domino, akanipigia kelele: “Bibi harusi, mpunguzie mwanangu kipigo, hukumnunua!” Wakacheka mpaka meza ikatikisika. Mimi, ambaye hata nzi aliyetua juu yake namfukuza kwa upole!

Nilimpeleka kwa daktari. Akasema unga ule hunasa mafuta tumboni, lakini hunasa pia vitamini zinazosafiri na mafuta, zikaishia chooni. Mojawapo ndiyo inayosaidia damu kuganda. Akampa vitamini ya kuifidia, akaagiza asiache dawa, ila vitamini zikae mbali nayo kwa saa kadhaa. Doña aliposikia akabeua mdomo, akasema daktari mwenyewe bado ananuka maziwa. Kesho yake akaja na glasi ileile. Wilkin wangu akamshukuru, akafunga mlango. Nilimbusu mpaka akachelewa kazini.

Sasa kaa chini, Mama. Dawa ile si ya tumbo. Ni ya kolesteroli, mafuta kuzidi kwenye damu, ugonjwa wa ukoo wao. Ndio uliomuua baba yake kabla ya miaka arobaini. Nimelijua hilo palepale kwa daktari. Wilkin alilia, akasema mama yake alimfundisha kwamba mke huambiwa akishapatikana. Ujanja wa muuza punda kilema! Nami nikamwambia ningeolewa naye tena kesho.

Msalimie shangazi Nereida. Tutakuja kabla mwezi huu haujaisha. Ukiwa na neno juu ya Wilkin, mwambie usoni. Lakini ujue nitakuwa nimemshika mkono.

Mwanao akupendaye,
Yanelba