Kahindo Aliyeogopa Kunywa Maji

Bwera, Kasese

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri na ule mguu umeacha kukusumbua. Mvua imenyesha huko Singida? Kaka Elia amemaliza kuezeka jiko? Mimi ni mzima, ila baridi ya milimani imenifunza kulala na soksi. Ulipopiga simu uliniuliza mbona nasikika mchovu, nikakwepa. Habari yenyewe haikuwa ya kusemwa haraka huku mtandao unakatika. Leo nimetulia, nakuandikia.

Unajua kazi yangu hapa ni ukunga, na wengi ninaowahudumia ni wakimbizi waliovuka mpaka kutoka pande za Beni. Kila Alhamisi tunakutana na wasichana waliozaa wakiwa bado wadogo, kwenye ukumbi wa kanisa tulioazimwa. Tunapima watoto, tunazungumza kuhusu kunyonyesha, uzazi wa mpango na maradhi, kisha tunakunywa chai.

Alikuwepo mmoja, Kahindo, wa miaka kumi na sita. Alikuja bila mtoto, akakaa karibu na mlango. Chai hakunywa, uji hakunywa, na midomo yake ilikuwa imepasuka kama ya mgonjwa wa homa. Siku moja nilimfuata nje. "Mdogo wangu, mbona hunywi kitu?"

Akatazama chini. "Nikikunywa inatoka, dada. Inatoka yenyewe. Siwezi kuifunga."

Nikampeleka chumba cha nyuma, akanisimulia. Kijiji chao kiliposhambuliwa alikuwa na mimba ya kukaribia kujifungua. Kijana aliyempa mimba walipotezana siku hiyo ya kukimbia. Uchungu ulimshika njiani, ndani ya shamba la kakao, akiwa na mama yake mdogo tu. Gari halikuthubutu kupita. Aliumwa siku tatu. Mtoto alitoka amekufa, wakamzika hapo hapo. Tangu hapo mkojo ukawa unavuja, akiwa macho au amelala.

Mama, kichwa cha mtoto kikibana muda mrefu, nyama kati ya kibofu na njia ya uzazi hufa, na hubaki tundu. Wauguzi tunaita fistula. Yeye alidhani ni adhabu. Akajinyima maji, na kadiri alivyojinyima ndivyo mkojo ulivyozidi kuwa mkali na kumchoma mapajani.

"Hii si adhabu," nilimwambia. "Ni jeraha. Jeraha linashonwa."

"Banaweza kushona?"

"Wanaweza. Sitakudanganya, si kila mtu hupona mara ya kwanza. Lakini wengi wanapona."

Nikamtafuta mama yake mdogo katika soko la Mpondwe, anakouza maharage. Nilikwenda na hasira, maana nilisikia anamlaza jikoni. Alinisikiliza huku anapepeta, kisha akaweka ungo chini.

"Nilijua utakuja kunigombeza. Chumba ni moja, tuko batu saba. Mwenye nyumba alisema harufu ikiendelea tutoke bote. Ningefanya nini? Ni miye nilimuzalisha kule mu kakao. Nilimwambia asukume, asukume. Labda ni miye nilimuharibu."

Hasira yangu ikaisha pale pale. Nikamweleza kwamba si mikono yake. Mtoto alihitaji kutolewa kwa upasuaji, na upasuaji haukuwepo. Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akauliza, "Tunaenda siku gani?"

Tulikwenda sote watatu kwa gari la kazini, hadi hospitali moja ya Kasese mjini walikokuja madaktari wa kushona fistula. Tulipofika Kikorongo, dereva alisimama anunue ndizi. Kahindo akakataa kushuka, nguo ilikuwa imelowa. Mama yake mdogo akafungua kitenge chake cha juu, akamzungushia kiunoni, akamshika mkono. Wakashuka pamoja mbele ya watu.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Alikaa wiki mbili na mpira wa mkojo, na mama yake mdogo kitandani pake anamimina maji. "Kunywa! Dokta alisema!" Mwanamke wa kitanda cha jirani alirudi kwao bado anavuja, akaambiwa aje tena kushonwa. Kahindo alimlilia sana.

Siku ya kutolewa mpira alikaa juu ya shuka jeupe, akakataa kusimama asubuhi nzima. Hatimaye daktari akamwomba atembee mpaka dirishani. Akasimama, akageuka kulitazama shuka. Lilikuwa kavu. Akaligusa kwa kiganja, akaligusa tena. Mama yake mdogo akapiga vigelegele, muuguzi akaja kumnyamazisha, akaishia kucheka naye.

Daktari alimwambia asilale na mwanamume kwa miezi kadhaa, na akipata mimba tena azalie hospitali, kwa upasuaji. Kahindo akachagua mwenyewe kuwekewa kijiti cha kuzuia mimba mkononi. Mama yake mdogo ni Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi. Nilidhani atakataa, lakini akasema, "Padiri hakukuwa kule mu kakao. Mumupatie."

Alhamisi iliyopita Kahindo alirudi ukumbini. Msichana mgeni mwenye mapacha akamwuliza anaitwa mama nani, maana ndivyo wanavyoitana.

"Mama Ezekieli," alisema. "Alikufa. Lakini nilimuzaa."

Yule mgeni akamwangalia, akamnyooshea pacha mmoja. "Basi, Mama Ezekieli, nishikie huyu."

Nisalimie Kaka Elia na wifi yangu Rehema, na bibi umwambie blanketi lake nimeshalipata. Shangazi Tabu mpe pole ya ng'ombe. Najua Kaka ndiye atakayekusomea barua hii, na majirani watakuwepo kusikiliza. Mwambie akifika penye mkojo asione haya akaruka. Asome yote, tena kwa sauti. Huenda kati ya wanaosikiliza yuko mmoja asiyekunywa maji.

Mwanao anayekupenda,
Zawadi