Picha ya Meneja Ukutani

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
9 Machi

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Wifi na watoto wazima? Na kifua chako, baridi haijakusumbua? Sisi miili haijambo. Mama anakula, ila usingizi wake ni wa kuokoteza.

Kaka, Meneja hatunaye tena. Mbwa yule uliyemletea Mama akiwa mdogo, umemficha ndani ya koti. Alivimba tezi za shingoni, mitoki mikubwa kama ndimu. Daktari wa mifugo akasema ni saratani ya mitoki, na kwamba kuna vidonge vipya, bado vinajaribiwa, vinavyolenga seli zenye saratani na kuziacha zile nzima. Mama akakubali.

Vidonge sivisingizii. Mitoki ilinywea, Meneja akarudia kubwekea baiskeli, na daktari akampiga picha, ulimi nje. Lakini mvua zilipoanza uvimbe ukarudi kwa kishindo, na safari hii dawa haikufua dafu. Alikata roho kwenye mapaja ya Mama. Daktari alipiga magoti kando yetu, nami nikamhesabu kuwa mtu.

Sasa sikia uchafu wenyewe. Juzi tulikwenda kwake kurudisha kikapu alichotuazima. Ukutani, Meneja! Mkubwa kama mlango, na chini yake: AMEPONA KABISA. Mwanamke mmoja alikuwa amempakata mbwa aliyevimba shingo, akimwambia, “Umemwona mwenzako?”

Kaka, nilimwita daktari kwa sauti.

Daktari akanivuta pembeni. “Dada, watu wanahitaji matumaini.”

“Matumaini, au wewe unahitaji wateja?”

Akaanza kufuta miwani isiyo na vumbi. Mtu aliyemfumba macho mbwa wetu kwa mkono wake!

Mama hakugombana. Aliketi karibu na yule mwanamke. “Mwanangu, huyo pale ni wangu. Dawa ilimpa siku njema, kisha akafa. Mpe wako ukitaka, ila mpe ukijua.” Mwanamke akalia sana, halafu akainuka kwenda kumhoji daktari upya.

Picha haijabanduliwa. Leo asubuhi nimepita, kuna mzee amesimama chini yake na mbwa wake, anatabasamu.

Msalimie wifi na mapacha. Shangazi anakusalimu, na jirani yetu Fundi Saa pia. Mungu akulinde na maradhi, na zaidi na wanaochuma kwayo.

Mdogo wako akupendaye daima,
Kitindamimba