Maneno Yako Kinywani mwa Mama Radi

Yaya wangu Masika, dada yangu mkubwa,

Kabla sijakusalimia, niache niseme jambo moja, maana nikianza na salamu nitaogopa na barua itaishia hapo. Nimechukua maneno yako bila kukuomba, nikayatia kinywani mwa mwanamke wa filamu, na sasa nusu ya Kisangani inayasema kana kwamba ni yake. Hakuna mtu niliyemwambia. Wewe ndiwe wa kwanza, na ndiyo sababu naandika kwenye karatasi badala ya kupiga. Simu ya nyumbani husikilizwa na kila aliye karibu na moto, na Mama huiongeza sauti ili hata jirani afaidi.

Sasa nikusalimie vizuri. Mgongo wako umepoa tangu mmalize kulima? Na Mama, kifua kinamwacha alale? Mimi ni mzima. Nimenenepa kidogo kwa lituma, ile ndizi ambayo watu wa huku huitwanga mpaka inakuwa laini, na joto nimelizoea isipokuwa mchana. Blanketi ulilonifungia bado limo mkobani, halijapata kazi.

Tonton ananitunza kama mjomba anavyopaswa. Asubuhi mimi huwa dukani kwake, nyuma ya sabuni na chumvi. Mchana huwa depo, kwenye ghala lake, napanga mifuko ya maharagi inayotoka kwetu. Lakini lile jambo la masomo lilikuwa limekwama, nami sikutaka mjue. Unakumbuka aliahidi kwamba nikipata diploma ya Serikali ataniandikisha kwenye institut ya ualimu. Diploma nilikuja nayo. Akaniweka dukani kwanza anipime, na wateja wakawa wananiambia, "Mutoto, sema basi, hatusikie." Tonton aliona hayo kwa muda, halafu akasema mwalimu asiye na sauti ni kengele isiyo na ulimi, bora nibaki depo, maharagi hayadai hotuba. Hakusema kwa ubaya. Alicheka, na mke wake Tantine akacheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikaenda kulia juu ya mifuko.

Depo inapakana na ciné, nyumba ya kuonyesha filamu. Usifikirie jumba kubwa. Ni chumba cha mbao na turubai, mabenchi, televisheni moja kubwa, na baffle mbili, spika zinazotikisa hata chumvi yetu. Tonton haipendi. Siku niliyofika aliniambia kwamba mtoto wa nyumba yake akihusika na mahali pale atapanda lori la kwanza linalorudi Butembo. Sijawahi kuingia, Yaya, hata leo. Lakini ukuta ni wa mbao, na mbao zina nafasi, na nikikaa kwenye mfuko wa pembeni naiona televisheni yote.

Upande wa pili wa ukuta, nyuma ya pazia, hukaa mtu wanayemwita Papa Mikro. Filamu huja kwa Kiingereza au kwa Kichina, naye ndiye huzisemea kwa Kiswahili, na kwa Lingala akichangamka. Lugha zile hazijui. Anaangalia picha, anawapa watu wa mle ndani maneno yanayowafaa. Kila mtu anajua hivyo na hakuna anayelalamika. Huku watu hawachagui filamu tu, wanachagua na msemaji.

Basi ikafika filamu ya Mama Radi. Huenda imefika na huko kwa jina jingine. Ni mwanamke mrefu, mweusi kama sisi, kichwa amekinyoa, na radi ikipiga anaidaka kwa mikono kama unavyodaka kuku. Mtu mmoja mbaya anataka kuufungia mji maji, yeye anamzuia. Jina la kweli la yule mwigizaji hakuna anayejisumbua nalo. Filamu ni Mama Radi, na yeye ni Mama Radi. Wasichana walinyoa vichwa mpaka wasusi wakanuna. Vijana wa toleka, wale wanaobeba watu kwa baiskeli, walikuwa wakigombana mbele ya duka kama angeweza kuidaka radi ya Kisangani, na wengi wakakubaliana kwamba ya kwetu haishikiki, ile ya filamu ni ya wazungu, imefunzwa adabu. Na wavuvi wa maporomoko ya mto walikuwa wamekwisha kumchukua awe wao, kwa sababu kuna mahali anasimama katikati ya maji yanayonguruma na hatikisiki. Mama Feza, muuza samaki wa mbele ya duka letu, ambaye mume wake na baba mkwe wake ni wavuvi wa pale, alimweleza kila mteja kwamba miguu ile haikujifunza kusimama mahali pengine.

Shida ilikuwa sauti. Papa Mikro akifika kwa wanawake hubana pua, na watu hucheka. Filamu nyingine haidhuru. Lakini kwa Mama Radi, kila alipofungua kinywa, vijana wakaangua kicheko, na wanawake waliokuja kwa ajili yake wakaona wametukanwa. Mama Feza alisimama katikati ya filamu, nilimwona kwa macho yangu, akaligeukia pazia.

"Papa Mikro, mwanamuke anaokoa muji muzima, na weye unamupa sauti ya mbuzi?"

Akatoka, na wengine wakamfuata. Wiki ile mabenchi yalibaki nusu tupu.

Mimi nilikuwa na tabia ambayo ulikuwa ukiicheka nyumbani, ya kuongea peke yangu nikifanya kazi. Mle depo, filamu ikipigwa mchana, nilikuwa namsemea Mama Radi huku nikipanga mifuko. Nilidhani baffle zinanifunika. Siku moja filamu ilikwisha, kukawa kimya, na sauti ikapita kwenye mbao ikaniuliza mimi ni nani. Nikajikunja nyuma ya mifuko kama panya. Papa Mikro akasema hataki kuniona wala kulijua jina langu, anataka tu sauti ile, na kwamba chini ya ukuta kuna ubao uliooza ambapo mikro, kile kipaza sauti chake, inaweza kupita. Akaongeza kwamba ana umri wa kuwa babu na amechoka kuitwa mbuzi.

Nilikataa mara nyingi. Halafu Jumapili moja, Tonton akiwa kwenye mkutano wa wafanyabiashara wa kwetu kama kila Jumapili baada ya misa, mikro ikapita tu chini ya ukuta, na nikamsikia Papa Mikro akiwaambia watu, "Wandugu, hapa mimi nanyamaza. Mwenyewe aseme."

Filamu ilikuwa imefika pale darajani. Mji unaungua, watu hawataki kukimbia, kila mmoja amekumbatia vitu vyake, na Mama Radi anasimama mbele yao na kuongea kwa muda mrefu. Anachosema kwa Kiingereza sikijui. Ila uso wake niliujua, Yaya. Ulikuwa uso wako siku tulipotoka kijijini. Mama alikuwa mbele na mtoto mgongoni, sisi wadogo katikati, na wewe nyuma ya wote, na milio ya risasi ikisikika. Kila tulipotaka kugeuka ulikuwa unatuambia jambo lile lile. Nikaishika mikro nikasema.

"Muchukue watoto, vyombo muache. Musiangalie nyuma. Nyuma niko mimi."

Sikuitambua sauti yangu. Haikutetemeka. Kule ndani hakuna aliyecheka, hakuna aliyepiga mluzi. Nikaendelea kumsemea mpaka mwisho, na taa ilipowaka wanawake walikuwa wanajifuta macho kwa pembe za vitenge.

Sasa ndipo makosa yalipoanza, na si mimi niliyeyaanza. Kisangani haijawahi kusikia mwanamke akisemea filamu, na Papa Mikro alisema "mwenyewe aseme." Basi watu wakaamini ni mwenyewe. Wakatoka wakisema Mama Radi anajua Kiswahili. Kesho yake wakawa wamejua na aina ya Kiswahili, maana wafanyabiashara wachache wa kwetu waliotoroka mkutano wakaingia mle walisikia namna ninavyotamka, wakaapa kwamba yule ni binti wa Butembo aliyekulia ng'ambo. Mmoja alifika dukani akasema anaifahamu hadi parokia yake. Mama Feza akamjibu kwamba miguu inashinda ulimi, kusema kama mtu wa Butembo hata kasuku anafunzwa, lakini asimame kwanza kwenye maji. Walibishana mpaka samaki wakakusanya inzi. Vijana wa toleka wakaandika kwa rangi nyuma ya baiskeli zao, NYUMA NIKO MIMI. Mimi nilikuwa napima chumvi, kichwa chini, moyo umejaa mpaka nikampa mteja kipimo cha ziada.

Lakini fahari ya watu wa kwetu ndiyo nusura inipandishe lori. Walikubaliana kwamba Jumapili inayofuata mkutano utaahirishwa, waende wote kumsikiliza binti yao. Na Tonton, aliyesema ciné ni nyumba ya wezi, akavaa koti lake la misa.

Nilimwona kupitia mbao. Alikaa benchi la kwanza, kofia magotini, kama yuko kanisani. Wanawake wa wavuvi walikuwa upande wa pili. Mikro ikapita chini ya ukuta, nami nikaiacha pale pale. Nilifikiria lori, nikafikiria Mama akiniona narudi. Pale kwenye televisheni midomo ya Mama Radi ilikuwa inacheza bila neno. Watu wakaanza kupiga mluzi, wakidai sauti. Halafu Mama Feza, kwa utamu kabisa, akawauliza wafanyabiashara, "Bon, dada yenu amesahau Kiswahili?" Upande ule wote ukacheka.

Tonton aliinamisha kichwa, akawa anaigeuza kofia yake mikononi. Sikuwahi kumwona hivyo. Mtu aliyetulisha mwaka ule wote tuliokimbia, wakati hatukuwa na shamba. Nikasema, Yaya. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ile ya kwanza, maneno yako yote, na nikaongeza mengine ya Mama niliyoyakumbuka pale pale, ya kuwaita watoto kwa majina ili asipotee mmoja. Watu wa kwetu walisimama, na upande wa wavuvi ukasimama pia, na Mama Feza alipiga makofi mpaka kitambaa chake cha kichwa kikaanguka. Tonton hakupiga makofi. Alibaki ameketi, akiangalia ukuta wa upande wa depo.

Jioni tulikaa kula. Tantine aliuliza kama filamu ilikuwa nzuri, naye akajibu tu kwamba binti yule amelelewa na watu. Niliona kwamba nisiposema wakati ule sitasema tena maisha yangu. Nikaweka kijiko chini, nikamwambia, "Tonton, naomba uniandikishe kwa ualimu."

Akaniuliza nimesema nini, ingawa alikuwa amesikia. Nikasema tena, kwa sauti ile ile ya mchana. Mkono wake ulisimama juu ya sahani. Tantine alituangalia mmoja baada ya mwingine.

"Bon," akasema. "Kesho lundi tutaenda institut, mimi na weye." Akanawa mikono polepole, akainuka, na alipofika mlangoni akageuka. "Tena nitatuma kiti ku depo. Mutoto wa dada yangu hawezi kukaa kila Jumapili juu ya mufuko ya maharagi."

Kiti kilikuja, ni cha mbao nzito, kina mahali pa kuegemea. Na Jumatatu tulikwenda. Pale ofisini waliponiuliza jina, Tonton alifungua kinywa kunijibia, halafu akakifunga akaningoja nijibu mwenyewe. Masomo yanaanza mvua zikizidi.

Nisalimie Mama, umwambie nimeandikishwa, hilo mwambie kwa sauti hata jirani asikie. Msalimie Nyanya, na Papa mdogo anayetengeneza baiskeli, na wadogo zetu wote, hasa yule wa mwisho ambaye Mama alimbeba siku ile. Msalimie katekista aliyeniandikia barua ya parokia. Sabuni niliyotuma ni zawadi ya Tantine, siyo ya kuuza.

Lakini hili la sauti, nakuomba ulifiche. Siyo kwa ajili ya Tonton tena. Watu wa kwetu wanatembea mji huu mabega juu kwa sababu ya binti yule, na wanawake wa wavuvi vilevile, na sitaki kumnyang'anya mtu. Madereva wanaotoka huku watakuja kukusimulia habari za Mama Radi na yale aliyoyasema darajani. Waache wakusimulie mpaka mwisho. Wakikuuliza kama umewahi kusikia maneno mazuri kama yale, sema hapana, ndiyo mara ya kwanza.

Mimi mdogo wako nikupendaye,
Kahindo