Sauti ya mtu aliyezima kamera

Deb uko? Naandika haraka, nisamehe makosa.

Leo walimu wa kujitolea tulikuwa na yale mafunzo ya mtandaoni ya kulinda taarifa za wanafunzi. Ya KULINDA, Deb!

Lachlan anayetufundisha akaweka picha ya darasa iwe mfano. Ni darasa langu la watu wazima. Parwana yumo, jina lake liko chini ya uso, na dirishani nyuma yake lile daraja la hapa mjini Launceston linaonekana wazi kabisa.

Si unajua alivyomkimbia mumewe mkatili kule Perth, akaja kujificha huku.

Nikapiga kelele, "Toa hiyo picha!" Lachlan akacheka, "Tulia mama, hapa tuko wenyewe kwa wenyewe."

Hapo mwanamume mmoja aliyezima kamera akakohoa, akauliza taratibu, "Huo ni mji gani?"

Hakuna aliyemjua. Linki ya kuingilia mafunzo ilikuwa wazi kwa yeyote. Kabla sijafungua mdomo, mwenzetu mmoja akamjibu. Akamjibu, Deb! Yule akasema "asante", akatoka.

Nikampigia Parwana. Hakulia. Aliuliza tu, "Alikohoa kwanza?"

Nikasema ndiyo.

Kisha, "Ni yeye."

Polisi wameshaambiwa. Lachlan amenipigia analia, eti kuanzia kesho hakuna picha ya mwanafunzi wala linki ya wazi. Kesho!

Tumesimama njiani kujaza mafuta garini. Parwana amejikunyata kiti cha nyuma na begi moja. Ile "asante" haitoki masikioni mwangu.

Usiniulize tunakwenda wapi. Sitakuandikia.