Shikamoo Tatu kwenye Simu Moja

Mdogo wangu mpendwa Elia,

Bwana Yesu asifiwe. U mzima huko kwenye baridi? Goti linaendeleaje, na wifi yangu, na watoto? Sisi hapa Sepuka tu wazima kwa neema ya Mungu. Alizeti tumeshavuna. Mama anakohoa kidogo, lakini ugali wa uwele bado haumshindi.

Mimi si mtu wa barua, niliishia darasa la saba. Ila wiki hii kwenye simu, kila nikilikaribia jambo hili unageuza maneno, mara unauliza vitunguu, mara kuku. Karatasi huwezi kuikatisha.

Unakumbuka yule ng'ombe dume mwekundu wa baba, aliyekuwa akigoma na kulala chini katikati ya kulima? Sisi wote tulikimbilia fimbo. Wewe uliinama, ukamwekea bega, ukasukuma mpaka akasimama. Baba akasema, "Basi nira tumfunge huyu." Kwa hiyo ulipokwenda kusoma Arusha, kisha Uingereza, tukasikia unalipwa kucheza raga, tena pale mbele wanapogongana wanaume wazito, mimi sikushangaa. Aliyeshangaa ni mama. Binti yangu Neema alipomwonyesha video, watu wanne wamekulalia, alipiga kelele hadi jirani akaja na rungu. "Kawakosea nini mwanangu? Na huyo mwenye filimbi anaangalia tu!"

Kisha yule mwenzako akagongwa kichwa, akarudishwa uwanjani hajui hata anaelekea upande gani, na msimu ulipoisha timu ikamwacha. Ndipo ukaanza kusema. Ulipopiga simu kwamba wachezaji wamekuchagua uongoze chama chao, nilikutania, "Yaani sasa utagongana na watu umevaa tai?" Ukacheka. "Dada, hawa wenye timu wa ofisini ni wagumu kuliko wale wa uwanjani." Lakini uliwasukuma wakasogea. Leo kwenu mchezaji akigongwa kichwa anatolewa, na wa kusema arudi lini ni daktari, siyo kocha. Nililitolea ushuhuda kanisani, akina mama wakapiga vigelegele, na wala hawajui raga ni kitu gani.

Sasa Jumapili iliyopita ulinipigia tumetoka ibadani. "Shikamoo dada." Marahaba. Tukaongea habari za mama. Mara ukasema tena, "Shikamoo dada." Nikadhani utani, nikaitikia. Tulipokuwa tunaagana ukanipa ya tatu, kwa heshima ileile, kama ndiyo kwanza nimepokea simu. Niliitikia, maana kuiacha shikamoo ya mdogo wako ianguke ni kumwaibisha. Ulipokata nilikaa juu ya gunia la alizeti.

Nilimpigia wifi. Usimgombeze, nilimbana mimi. Mwishowe akasema, "Wifi, mwenyewe anajua kuwa anasahau. Kanikataza kusema. Eti wenye timu wakisikia watasema kiongozi kichwa kimeharibika, na chama kitakufa."

Hapo ndipo tunapokosana, Elia. Umewafundisha vijana wa watu waseme wakiumia, halafu wewe unajificha? Wakijua baadaye, nani atakuamini tena? Mimi nakuombea kila asubuhi, siachi. Lakini hata nilipopata presha niliomba nikiwa kwenye foleni ya zahanati, sikuombea kitandani. Nenda kwa daktari yuleyule unayewapeleka wenzako. Halafu waambie kwa mdomo wako mwenyewe, kabla hawajaambiwa na mwingine. Kama chama ulikijenga sawasawa, kitasimama hata siku wewe umelala. Na kama kitaanguka kwa sababu ulisema kweli, basi kianguke, ndugu yangu, mimi nakutaka wewe.

Mama sijamwambia. Ananiuliza kila jioni, "Elia hajambo?" na mimi kudanganya sijui, naondoka naenda kufungia kuku.

Mungu akufunike. Tafadhali nijibu upesi, uniambie siku uliyopangiwa na daktari.

Ni mimi dada yako,
niliyekubeba mgongoni